Chetezo Kisizime Kabla ya Baraka: Mwongozo Kamili wa Kuwaandaa Watumishi wa Altare kwa Ibada ya Kuabudu

Kila baada ya Alhamisi ya kuabudu Ekaristi, walezi wa watumishi wa altare huniletea swali lile lile. Mwanzo wa ibada chetezo, kile chombo cha kufukizia ubani, kinafuka vizuri. Ikifika wakati wa Baraka, padre anapowabariki waamini kwa Ekaristi mwishoni mwa ibada, anatia ubani na hakuna moshi. Mtoto anatikisa minyororo, anapuliza, majivu yanarukia vazi la padre, na waamini waliokuwa wametulia katika sala sasa wote macho kwa mtoto.

Jibu lenyewe ni fupi: makaa yaliyowashwa saa moja iliyopita yamekwisha nguvu, na hakuna aliyewasha mengine. Lakini ukishalijua hilo bado kuna mengi ya kupanga. Nani anawasha, wapi, dakika ngapi kabla, mtoto anakishikaje chetezo, anampaje padre, na je, mtoto huyo anajua ni nani aliye mbele yake?

Ninafuata utaratibu wa kuabudu Ekaristi nje ya Misa uliotolewa Roma mwaka 1973, ambao ndio unaotumika katika parokia zetu nyingi. Pale ambapo desturi ya zamani inatofautiana, nimetaja. Kabla ya kuanza, kaa na Baba Paroko umwulize anapendelea nini, maana kuna mambo ambayo Kanisa limeacha wazi, na mambo hayo yeye ndiye mwenye kuyaamua.

## Vifaa: andaa siku moja kabla

- Chetezo chenye minyororo imara. Vingi vina minyororo minne: mitatu inabeba bakuli, mmoja unainua kifuniko.
- Kichombo cha ubani na kijiko chake.
- Ubani wa punje, si wa unga wala wa vijiti.
- Mkaa, na jiko dogo la kuwashia.
- Koleo ya chuma yenye mikono mirefu.
- Mchanga mkavu au majivu safi ya kuweka chini ya bakuli.
- Debe la chuma lenye mchanga, la kumwagia makaa baada ya ibada.
- Ndoo ya maji karibu na mlango wa sakristia, chumba cha maandalizi ya ibada.
- Mishumaa minne au sita kwa ajili ya monstransi, chombo cha kuionyeshea Ekaristi. Ikiwa Sakramenti (yaani Ekaristi) inawekwa wazi ndani ya siborio, kikombe chenye kifuniko cha kutunzia Komunyo, mishumaa isipungue miwili.
- Korporale (kitambaa kinachotandikwa chini ya monstransi), monstransi, kengele, kopa (joho la padre), na kitambaa cha mabegani cha padre.
- Saa ya ukutani inayofanya kazi sakristiani. Usiidharau, mpango wote huu unategemea saa.

Kagua minyororo kwa mkono, pete moja baada ya nyingine. Pete iliyofunguka hukatika pale tu chetezo kinapobembea kikiwa na moto. Ukiona pete imelegea, ibane kwa koleo leo, usisubiri kesho.

## Hatua ya 1: Mtoto ajue kwanza ni nani yupo altareni

Walezi wengi wanairuka hatua hii kwa sababu ya haraka, kisha wanalalamika kwamba watoto wanacheka mbele ya monstransi. Mtoto aliyefundishwa mikono tu atafanya kazi ya mikono tu.

Kaa nao kanisani, si darasani, mbele ya tabernakulo, kisanduku inamohifadhiwa Ekaristi. Uliza: "Taa hii nyekundu inawaka kwa nini?" Waache wajibu wenyewe. Halafu soma nao Yohane 6:51, "Mimi ndimi chakula chenye uzima kilichoshuka kutoka mbinguni." Waeleze kwa maneno rahisi anachokiri Mkatoliki: katika Ekaristi yumo Kristo mzima, mwili na damu, roho na umungu wake. Hostia, ule mkate mwembamba unaowekwa katika monstransi, ni ile iliyowekwa wakfu katika Misa, na ibada hii inatoka katika Misa na inaturudisha kwenye Misa.

Kisha ubani. Fungua Zaburi 141:2, pale mwimba zaburi anapoomba sala yake ipae kama uvumba. Fungua na Ufunuo 8:3-4, ambapo malaika amesimama mbele ya madhabahu akiwa na chetezo cha dhahabu, na moshi unapanda pamoja na sala za watakatifu. Watoto hukipenda kifungu hiki mno. Ukimwambia mtoto wa darasa la tano kwamba kazi anayoifanya Alhamisi jioni inatajwa katika kitabu cha mwisho cha Biblia, mgongo wake unanyooka hapo hapo.

Malizia na goti. Mbele ya Sakramenti, iwe tabernakuloni au katika monstransi, utaratibu wa sasa ni goti moja, la kulia, linalogusa sakafu kweli. Wanaofuata adhimisho la zamani la Kilatini hupiga magoti yote mawili na kuinama pale Sakramenti ikiwa wazi. Chagueni moja pamoja na paroko, na wote wafanye hivyo. Mmoja akipiga goti moja na mwenzake mawili, waamini wataona vurugu tu.

Umefanikiwa ukiona mtoto anaweza kumweleza mama yake nyumbani, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini tunafukiza ubani. Mpe kazi hiyo, na Jumapili umwulize mzazi.

Angalizo: usimpe chetezo mtoto mwenye pumu. Mpe kengele au mshumaa, na umweleze faraghani kwamba hajashushwa cheo.

## Hatua ya 2: Mazoezi bila moto

Parokia ina chetezo kimoja, watoto wako kumi na watano. Chukua makopo matupu ya maziwa ya unga, toboa matundu matatu ukingoni, funga kamba tatu za urefu wa minyororo halisi, unganisha juu. Tia kokoto chache ndani ili kopo liwe na uzito. Kila mtoto atakuwa na chetezo chake cha mazoezi.

Fundisha mambo manne, moja baada ya jingine, na usiende la pili kabla la kwanza halijaingia mwilini.

*Kutembea.* Chetezo kiko mkono wa kulia, kinabembea polepole mbele na nyuma kandoni mwa mwili. Mbembeo mdogo unatosha. Kazi yake ni kuingiza hewa ili makaa yasilale. Urefu wa minyororo ulingane na mtoto. Bakuli likiburuzika karibu na sakafu, mtoto ashike minyororo chini zaidi au apewe mkubwa kuliko yeye.

*Kumfungulia padre.* Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mkono wa kushoto unashika kichwa cha minyororo, unakaa kifuani. Mkono wa kulia unavuta ile pete ya kifuniko mpaka kifuniko kinapanda, kisha unashuka kushika minyororo yote kwa pamoja juu kidogo ya kifuniko kilichopanda, na kuinua bakuli hadi usawa ambao padre anafikia bila kuinama sana. Mbeba ubani anasimama kushoto kwa mbeba chetezo, kichombo kimefunguliwa, kijiko kimeelekezwa kwa padre. Padre akimaliza, kifuniko kinashushwa taratibu. Kikiachiwa kidondoke, sauti yake inasikika hadi mlangoni.

*Kumkabidhi padre.* Kichwa cha minyororo kiende katika mkono wa kushoto wa padre, na sehemu ya chini, karibu na kifuniko, katika mkono wake wa kulia. Mtoto akigeuza, padre atalazimika kubadilisha mikono huku moto ukining'inia. Rudieni jambo hili mara nyingi, mlezi akiwa padre.

*Kufukiza.* Mkono wa kushoto umetulia kifuani na kichwa cha minyororo. Mkono wa kulia unashika minyororo karibu na kifuniko, unainua chetezo hadi usawa wa kifua, unakisukuma mbele na kukirudisha. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 277, yanataja mara tatu kwa Sakramenti Kuu, na mara mbili kwa masalia na sanamu za watakatifu. Katika parokia nyingi kila mara moja hufanywa kwa mipigo miwili mifupi. Mfuate padre wenu. Mabega yasicheze, kichwa kisicheze.

Umefanikiwa ukiona kokoto hazilii ndani ya kopo mtoto anapofukiza. Zikilia, anatikisa, bado hajajua kubembeza.

Angalizo: kuzungusha chetezo duara kamili ni marufuku, hata kwenye mazoezi. Mtoto akizoea mchezo huo na kopo, siku moja ataufanya akiwa na moto.

## Hatua ya 3: Jaribu mkaa na ubani mapema

Usijaribu mkaa mpya siku ya ibada.

Viko vidonge vya mkaa vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kanisa, vina shimo dogo juu la kuweka ubani. Vinashika moto haraka, lakini vikikaa mahali penye unyevu vinakataa kuwaka, na kidonge kidogo hakifikishi saa nzima kikiwa bado na nguvu. Upo na mkaa wa kawaida wa kupikia. Mimi nauchagua huu kwa parokia nyingi, kwa sababu unapatikana kila mahali na unadumu, mradi ni mkaa mgumu, mkavu, unaolia kama kigae ukigonganisha vipande viwili. Ule mwepesi unaomeguka vidoleni hugeuka majivu kabla litania haijafika katikati. Pwani, mkaa wa vifuu vya nazi ni mzuri sana; moto wake ni mkali na hauna harufu.

Vunja vipande vya ukubwa wa nusu kidole gumba. Vipande vikubwa haviwaki hadi ndani, vidogo mno vinakwisha upesi.

Ubani nao uchambue. Ule wa sokoni mara nyingi una maganda na vijiti, na hivyo ndivyo vinavyotoa ile harufu ya kuungua inayowakohoza wazee wa viti vya mbele. Toa uchafu, ponda punje kubwa, na ule unga uliobaki chini ya mfuko uuache. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko.

Jaribu nje: weka makaa matatu yaliyoiva, tia nusu kijiko cha chai, tazama. Moshi mzuri ni mweupe, mzito, unapanda taratibu. Ukiwa na rangi ya kijivu na unawasha macho, au ubani ni mchafu, au makaa hayajaiva.

## Hatua ya 4: Kuwasha moto, dakika 40 kabla

Anza dakika 40 kabla ya ibada kama unatumia mkaa wa kawaida, dakika 15 kama ni vidonge.

1. Washa jiko nje ya sakristia, mahali pasipo na upepo mkali. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa inaua. Sakristia nyingi zina dirisha dogo moja. Usiwashie humo hata mvua ikinyesha, tumia baraza.

2. Tumia karatasi na vijiti vikavu. Usitumie mafuta ya taa wala mfuko wa plastiki. Harufu ya mafuta ya taa inaingia kwenye mkaa na haitoki. Utaisikia ubani unapotiwa.

3. Pepea mpaka kila kipande kiwe chekundu ndani na kimevikwa majivu ya kijivu nje, bila mwali wala moshi. Kipande chenye doa jeusi bado hakijaiva. Usikubali kuharakishwa hapa. Kengele ya kwanza ikilia na makaa hayajaiva, ni afadhali maandamano yasubiri dakika mbili.

4. Tandaza mchanga mkavu au majivu chini ya bakuli, unene wa kidole kimoja. Yanazuia chuma kupata moto mno, na yanayahifadhi makaa yasipoe kwa kugusa bakuli baridi.

5. Kwa koleo, panga makaa manne au matano yakigusana. Kaa lililokaa peke yake hufa.

6. Funga kifuniko, acha matundu wazi.

Kuwasha ni kazi ya mtu mzima au kijana mkubwa. Watoto wadogo wasimame mbali na jiko, na kanzu zao wavae baada ya moto kuwa tayari. Kanzu nyingi siku hizi ni za kitambaa cha viwandani kama poliesta, ambacho kikishika cheche hunata kwenye ngozi.

Umefanikiwa ukiona unaweka kiganja juu ya kifuniko, kwa umbali wa shubiri moja, na huwezi kukishikilia hapo kwa muda. Joto likiwa la kuvumilika, ongeza kaa moja.

Mtu akiungua: maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si asali, si unga. Kisha zahanati kama lengelenge ni kubwa au ni usoni.

## Hatua ya 5: Kuweka wazi na ubani wa kwanza

Wimbo unaanza, waamini wanapiga magoti. Padre au shemasi anatoa Sakramenti tabernakuloni, anaiweka katika monstransi juu ya altare, anapiga goti, anashuka kupiga magoti mbele ya altare. Mbeba chetezo na mbeba ubani wanamsogelea, mmoja kila upande au wote kulia, kadiri mlivyokubaliana.

Padre anatia ubani. Hapa hatoi baraka juu ya ubani kama afanyavyo katika Misa, kwa maana aliye mbele yake ni Bwana mwenyewe. Waambie watoto mapema, maana wapo wanaobaki na kifuniko wazi wakisubiri ishara ya msalaba isiyokuja, na makaa yanapoteza joto bure.

Wote wanainama, padre anafukiza mara tatu akiwa amepiga magoti, wote wanainama tena. Chetezo kinarudi kwa mtoto, anarudi mahali pake.

Kiasi cha ubani ni hatua ndogo yenye madhara makubwa. Kijiko kilichojaa kinazima makaa: ubani unayeyuka, unayafunika, hewa inakosa njia. Nusu kijiko, umwagwe juu ya makaa yenyewe na si pembeni. Mwombe padre kwa heshima. Mapadre wengi hutia mwingi kwa sababu wamezoea makaa hafifu. Wakiona moto wenyewe umeiva, wanapunguza.

## Hatua ya 6: Saa ya katikati, ambako chetezo hufia

Sasa kuna masomo, nyimbo, rozari labda, na kimya. Kimya hicho kisifupishwe ili kufika haraka kwenye Baraka. Utaratibu wa Kanisa unakataza kuweka Sakramenti wazi kwa ajili ya kutoa Baraka tu. Lazima pawe na muda wa neno, wimbo na sala.

Lakini muda huo huo unaotufaa sisi ndio unaomaliza makaa. Kwa hiyo panga hivi.

Baada ya ubani wa kwanza, mbeba chetezo apige goti, atoke kimya kupitia mlango wa sakristia, atundike chetezo kwenye ndoano au stendi yake nje. Asibaki nacho altareni saa nzima. Atachoka, ataanza kukichezea, na moshi unaobaki utawakohoza wanaosali. Kisha arudi apige magoti na wenzake, maana yeye naye amekuja kuabudu. Hili nalisema kwa uchungu kidogo: tumekuwa na tabia ya kumgeuza mtumishi wa altare kuwa fundi wa moto, anakaa sakristiani ibada nzima akipiga soga. Haifai.

Kwenye lile jiko la nje kuna makaa uliyoyaacha. Yafunike kwa majivu yasije yakaisha, lakini usiyategemee. Dakika 30 kabla ya Baraka, mtu mzima mmoja atoke, afukue, aongeze mkaa mpya juu ya ule mwekundu na kupepea. Moto ukitokana na moto uliopo hushika upesi, na dakika 20 zitatosha. Kwa vidonge, washa viwili vipya dakika 10 kabla.

Dakika 5 kabla, mbeba chetezo atoke. Makaa ya zamani yaondolewe kwa koleo yaende kwenye debe la mchanga. Yale yaliyolowa ubani ulioyeyuka yasirudi chetezoni kamwe, maana hayo ndiyo yanayotoa harufu chungu. Mapya yapangwe juu ya mchanga ule ule.

Nani anajua dakika zimebaki ngapi? Kabla ya ibada muulize padre Baraka itakuwa saa ngapi, au mkubaliane alama: wimbo fulani, kumi la mwisho la rozari, mwanzo wa litania. Andika kwenye karatasi, bandika karibu na saa ya sakristia. Parokia ambazo zimefanya jambo hili dogo hazina tena shida ya moshi.

Umefanikiwa ukiona mtoto anarudi altareni na chetezo cha moto wakati kwaya inaanza wimbo wa Baraka, na hakuna mwamini aliyegeuza kichwa.

## Hatua ya 7: Baraka yenyewe

Padre au shemasi anasogea mbele ya altare, anapiga goti, kisha anapiga magoti. Inaimbwa Tantum ergo au wimbo mwingine wa Ekaristi. Ikiimbwa kwa Kilatini, wafundishe watoto matamshi na maana ya jumla, ili wasiyaharibu maneno: "veneremur chernui", hapo wote wanainama, "Jenitori Jenitokwe", hapo kwa desturi ndipo padre anapofukiza. Tantum ergo ni beti mbili za mwisho za utenzi wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na ubeti wa pili unawasifu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa mbeba chetezo, ubeti wa kwanza ni muda wa kumkaribia padre na kutiwa ubani. Asingoje wa pili.

Baada ya ubani padre anasimama na kuimba sala. Mtumishi mmoja anamvika kitambaa cha mabegani kwa nyuma. Fanyeni zoezi la hilo pia: kitambaa kikae sawa mabegani, vifungo viwe mbele, na mtoto asivute kopa. Padre anapanda, anapiga goti, anatwaa monstransi kwa mikono iliyofunikwa kitambaa, na kuwabariki waamini kwa ishara ya msalaba, kimya, bila kusema neno.

Kimya hicho kilindwe. Kengele, kwa desturi ya parokia nyingi, inapigwa mara tatu, mlio mmoja mmoja, kadiri monstransi inavyosogea. Si mfululizo. Mbeba chetezo, akiwa amepiga magoti kuelekea Sakramenti, anafukiza mara tatu ikiwa ndiyo desturi yenu. Kwaya isianze wimbo, mpiga kinanda asiguse kinanda.

Baadaye hufuata zile sala za kumtukuza Mungu, Sakramenti inarudishwa tabernakuloni, wimbo wa mwisho unaimbwa, wote wanaondoka. Kuanzia hapo chetezo hakihitaji ubani tena.

## Kigango kisicho na padre

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu nimeulizwa sana. Katekista au mlei mwingine aliyeruhusiwa kama mhudumu asiye wa kawaida wa Komunyo anaweza kuiweka Sakramenti wazi na kuirudisha. Hawezi kutoa Baraka kwa Sakramenti. Baraka hiyo ni ya padre au shemasi. Kwa hiyo kigangoni mnaweza kuabudu, kusoma, kuimba na kukaa kimya, kisha Sakramenti inarudishwa bila kuinuliwa juu ya watu. Waelezeni waamini mapema, ili bibi aliyetembea mbali asiondoke akidhani amenyimwa kitu. Saa aliyokaa mbele ya Bwana ni ibada iliyotimia.

## Mkiwa nje: maandamano ya Ekaristi

Katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo mnatoka barabarani, na upepo unabadilisha kila kitu. Makaa yanawaka kwa kasi na kwisha mapema, na cheche zinaruka kupitia matundu. Tumieni vyetezo viwili vinavyopokezana, na mtu mzima atembee pembeni na makaa ya akiba ndani ya kopo la chuma lenye mchanga. Wabeba vyetezo watembee mbele ya Sakramenti. Kama barabarani kuna nyasi kavu, mlezi awe nyuma yao na macho chini.

## Hatua ya 8: Baada ya ibada

Makaa yanayoonekana yamekufa bado yana moto ndani kwa saa kadhaa. Yamwage kwenye debe la chuma, yafunike mchanga, debe likae nje juu ya saruji mpaka asubuhi. Yasimwagwe kwenye pipa la taka la plastiki wala kwenye bustani ya grotto, lile pango la Bikira Maria.

Bakuli likipoa, lipanguse kwa kitambaa kikavu. Utomvu mweusi uliogandamana usiukwangue kwa kisu. Loweka bakuli katika maji ya moto yenye magadi kidogo, kisha sugua kwa brashi laini na ukaushe kabisa. Minyororo itundikwe ikiwa imenyooka. Ikirundikwa ndani ya kabati, Alhamisi ijayo mtatumia robo saa kuitatua wakati jiko linasubiri.

Kabla watoto hawajavua kanzu, wakusanye kidogo mbele ya tabernakulo. Wapige goti, waseme sala fupi ya kushukuru, kisha mwulize kila mmoja jambo moja lililokwenda vizuri na moja la kurekebisha. Yaandike kwenye ile karatasi iliyo karibu na saa, pamoja na jina la atakayewasha moto katika ibada ijayo na kiasi cha mkaa uliobaki.